Kuku Huyu Sikumfunga

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu tutapeana kesho asubuhi penye lori, mbele za watu, na mimi nitakuwa nimevaa uso wa mtu asiyejali. Barua hii ni ya yale ambayo mdomo wangu umeshindwa kuyatoa kwa miaka kumi na minne. Umekwenda kuaga majirani, nami nimekaa mlangoni na kalamu yako ya shule, jua lingalipo. Naandika kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha babu yako, maana zile zenu za shule zinanichelewesha. Utazisoma. Chuoni kwa Kurani ulichapwa vya kutosha kwa ajili yake.

Sitakuambia habari za kufua nguo wala za kuamka mapema. Hayo unayajua. Nataka kukuambia habari za nyungunyungu, hawa wanaotoka ardhini mvua ikinyesha na wewe hukunja pua ukiwaona. Cheka tu, lakini usome mpaka mwisho, na usome kabla lori halijafika Korogwe. Ukishafika kwa Zaina utakuwa umechelewa.

Barua ya Zaina ilipokuja, kwamba chumba kipo kwake Masuguru na ukae naye miaka yote miwili ya kujifunza uuguzi, uliruka. Nilikuona kwa macho yangu. Binti wa miaka kumi na minane uliruka jikoni mpaka ukaimwaga sufuria ya maharage, unasema, nitakaa kwa mama mdogo, nitakaa kwa mama mdogo. Mimi nikasema hewala, jambo jema. Kisha nikainama kuokota maharage ili usinione uso. Siku ile nilikataa chakula nikasema nimefunga, lakini sikuwa nimefunga kitu.

Nina wivu, mwanangu. Naliandika neno hilo mapema usije ukadhani nimezeeka nikawa malaika. Nilikuwa na wivu wakati ule, na ninao leo, hapa nilipokaa. Kila nikikunja khanga yako kuitia sandukuni naona mikono ya yule mwanamke ikiikunjua.

Baba yako alimwoa Zaina wewe ukiwa unajifunza kutembea. Mshambaa wa Bungu, mtoto wa milimani, alikuja na kisanduku kimoja na jembe la mpini mfupi. Mimi ndiye bi mkubwa, na tena binti Mwalimu, niliyehitimu msahafu kabla sijavunja ungo. Wanawake wa hapa walikuwa wakiniuliza mambo ya tohara na swala waliyoona haya kuwauliza wanaume. Nilimtazama yule Mshambaa anavyoshika udongo wetu mwekundu na kuupukutisha kama mtu aliyeuziwa unga mbovu, nikasema moyoni, huyu hamalizi masika mbili Handeni.

Siku moja nikamwona nyuma ya ua wa kuogea, pale kwenye ile migomba mitatu inayokunywa maji ya kuogea. Kachimba shimo la kufika goti. Katia vigogo vya migomba alivyokatakata, majani yaliyooza, na samadi aliyoiomba kwenye boma la Wamasai, kaifuata mwenyewe kwa kikapu. Kisha akaenda mtoni akarudi na kibuyu cha matope, akakimimina humo, akafunika kwa jamvi bovu. Nilipochungulia nikaona nyungunyungu wanajinyonganyonga. Nilidhani ni uchawi. Kumbe ni mambo ya kwao tu. Mama yake huko Bungu aliwafuga hivyo hivyo kwa ajili ya kuku.

Ikaja kiangazi. Kuku wangu wakanyonyoka, wakaacha kutaga, wakawa wanazurura na kuomba pumba. Wa Zaina wanataga. Kila jioni anafunua jamvi, anachota kata moja ya wale wadudu, anaita kuku wake, nao wanakuja mbio. Na mayai yenyewe, ukiyapasua, kiini kina rangi ya bizari. Yangu yalikuwa meupe kama ugonjwa. Baba yako akiwa kwake anakula yai, akija kwangu anakula mboga chungu ya mchunga, na anausifu mchunga kwa adabu. Adabu ile ilinichoma kuliko matusi.

Lakini hilo la baba yako ningelimeza. Mume ana zamu, dini imepanga. Mtoto nani alimpangia zamu? Wewe ulikuwa wangu, nimekuzaa mimi baada ya kuzika wawili, na ulikuwa ukiamka tu unakwenda kwa Zaina. Utakutwa mgongoni kwake, utakutwa shimoni kwake umeshika kata. Ukilia usiku unamtaja yeye. Siku moja nilikuita mara tatu, uje ule bada la muhogo kwa mboga, na wewe uko pale unatazama kuku wanavyogombania nyungunyungu, hata kichwa hukugeuza. Nikamchukia kwa moyo mmoja.

Tena akapita bwana shamba, kijana wa serikali mwenye baiskeli, anakagua mihogo. Akaliona shimo. Badala ya kumkemea, akawaita watu waje watazame. Akasema hawa wadudu wana nguvu ya nyama, mtu akiwakausha na kuwatwanga, kuku na nguruwe na samaki hunenepa kwao, na zipo nchi za mbali ambako hata watu huwala. Watu wakacheka, wengine wakatema mate. Yeye akampa Zaina mkono mbele ya wanaume. Mimi nilikuwa nyuma ya kiambaza, na lile neno la watu kuwala nililishika nikaliweka akiba.

Sasa ikaja njaa. Mvua zilishindwa mara mbili mfululizo. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha paja, Wamasai wakahama na ng'ombe wao, maziwa yakaisha nchini. Tulikula bada, na mizizi, na unga wa serikali ulipofika. Wewe ulikuwa na miaka minne. Uliacha kucheza. Nywele zako zikawa nyekundu na laini kama za mahindi machanga, mashavu yakajaa, miguu ikavimba, ukiguswa unalia bila sauti.

Unajua watu wa hapa wakimwona mtoto wa namna hiyo wanasema nini. Hawaulizi kala nini. Wanasema amebemendwa, kwamba wazazi wake hawakujizuia, au mmoja wao katoka nje, na joto la dhambi limemwingia mtoto. Nilipokwenda kisimani wanawake wakasogea pembeni wakanitazama. Mmoja wao akaniambia, kwa upole mwingi, kwamba hata binti Mwalimu naye ni mtu. Nilirudi na ndoo tupu. Aibu ile, Mwanaidi, ilinifanya nitafute mtu wa kumtwika, na wa kumtwika alikuwa tayari, anakukorogea uji pale jikoni kwake.

Na kweli Zaina alikuwa akikupa uji. Kuku wake waliobaki walitaga yai moja moja, na kila alilopata alikuvurugia wewe, sio baba yako, sio yeye mwenyewe. Shingo yake ilikuwa imebaki mishipa. Nilikuwa nikiyaona hayo. Naandika nilikuwa nikiyaona, ili usije ukanitafutia udhuru.

Jambo moja zaidi ulijue kwanza. Babu yako alipata kuulizwa na mfugaji mmoja kuhusu kuku, nami nilikuwa nyuma ya pazia nasikiliza. Alisema, kuku anayekula kinyesi cha watu ndiye afungwe siku tatu, alishwe nafaka safi, ndipo achinjwe. Lakini anayechakura udongo akaokota wadudu, huyo kala riziki yake, hana neno. Na mtu je, akamuuliza yule mfugaji kwa mzaha, mtu akila mdudu? Babu akasema, haijuzu, ila kwa mwenye dharura ya kufa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na sijasahau hata herufi moja.

Basi Ijumaa moja, baada ya swala, nilimwambia baba yako mbele ya kaka yake na wazee wawili. Nilisema mtoto hakubemendwa. Nilisema Zaina anamtwangia nyungunyungu kwenye uji, ndio maana kavimba. Nilisema na kuku wanaolishwa wadudu wale ni najisi, mayai yao najisi, na kwamba nimeyapata hayo kwa baba yangu. Wazee walishika ndevu. Bwana shamba si alisema kuna watu huwala? Kila mmoja alikumbuka.

Wakamwita Zaina. Alikuja na mwiko mkononi. Wakamuuliza, akasema anachokupa ni yai. Wakamwambia binti Mwalimu kasema vinginevyo. Akanigeukia mimi, hakuwatazama wao tena.

"Bi mkubwa," alisema, "wewe ndiye mwenye elimu. Ukisema hivyo, mimi nani atanisikiliza?"

Alikuwa akiniomba. Mlango alinifungulia mwenyewe, neno moja tu lingetosha, nami nikatazama chini nikahesabu vidole vya miguu yangu.

Baba yako aliandika talaka moja. Alimpenda yule mwanamke, lakini aliwaogopa wazee, na mimi aliniamini. Zaina aliondoka na kisanduku chake na jembe lake, hakupewa hata kuku. Wewe ulikuwa mkekani, huna nguvu ya kumfuata, ukanyoosha mkono. Hilo hulikumbuka. Mimi ndiye ninayelikumbuka kwa niaba yako.

Shimo likafukiwa. Kuku wake wakafungwa miguu siku tatu chini ya uchaga, kwa amri yangu, wakalishwa pumba, kisha wakauzwa kwa wapita njia. Akabaki mtetea mmoja aliyekuwa amejificha kwenye mabua, analalia mayai. Na mimi nikakupikia uji wangu, msafi, wa unga na maji.

Baada ya siku kumi hukuweza kufungua macho kwa uvimbe. Baba yako akakubeba mpaka zahanati, mimi nyuma. Dresa akabonyeza mguu wako, shimo la kidole chake likabaki. Akaniuliza unakula nini. Nikasema uji. Akasema uji peke yake haujengi mwili, mtoto huyu anataka mayai, nyama, maziwa, karanga, chochote cha namna hiyo. Akasema tena, mayai, mama, hamna hata kuku mmoja kwenu? Baba yako akanitazama. Kisha akakubeba tena, akatangulia mbele.

Karanga hazikuwepo. Kuku wangu mwenyewe walikuwa wamekwisha kwa njaa. Ng'ombe walikuwa wameshahama. Yule mtetea alikuwa na vifaranga, hatagi. Nililala macho wazi, na kulipopambazuka nikachukua jembe nikaenda nyuma ya ua wa kuogea. Nililifukua lile shimo kwa mikono yangu. Chini kabisa, kwenye unyevu, walikuwapo.

Mwanaidi, niliwafanya hivi. Niliwaosha maji saba. Niliwaweka kwenye pumba mbichi kutwa nzima ili watoe udongo tumboni. Nikawachemsha, nikamwaga maji, nikawakaanga kwenye kigae mpaka wakawa wakavu wa kuvunjika, nikawatwanga na chumvi, nikachekecha. Ukawa unga wa rangi ya kahawia, unanukia kama dagaa. Nikasema bismillahi, nikakukorogea kwenye uji. Kinyaa sikukiona. Nilikuwa nafanya lile lile nililomzulia mwenzangu, na sasa lilikuwa kweli, na mtendaji ni mimi.

Ulikula. Siku ya nne uliomba. Siku ya nane ulinipiga kofi kwa sababu nimechelewa, nikalia kwa furaha. Uvimbe ukashuka kidogo kidogo. Sisemi ni wao peke yao waliokuponya, maana karibu siku zile zile mvua ilinyesha na baada yake kunde zikaja. Lakini uliufikia msimu wa kunde, na wapo watoto wa rika lako hapa ambao hawakuufikia.

Ningeweza kumrudisha. Eda ilikuwa haijaisha, baba yako angeandika neno moja tu. Ningesema nilisema uongo, Zaina angerudi na jembe lake. Nilikaa kimya. Nilijiambia ni kwa ajili ya heshima ya marehemu babu yako. Si kweli. Nyumba ilikuwa imetulia, na ulipolia usiku ulianza kuniita mimi.

Tangu hapo shimo lile lipo. Lile unalosema linanuka, ninalokuambia ni mbolea ya migomba, ni shimo la Zaina. Kuku wangu wote ni kizazi cha mtetea wake. Majirani wakiniuliza mbona wanataga kiangazi, nawaambia ni dua za baba yangu. Na ili uongo wangu usife, kila kuku anayechinjwa hapa nimemfunga siku tatu, na wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea pumba tangu mtoto. Uliniuliza kwa nini sisi tu. Nikakwambia ni usafi.

Ulipopata shule ya kati, marehemu baba yako alikupeleka Korogwe kununua sare, mkalala Masuguru kwa Zaina na kaka yake. Aliniambia baada ya kurudi, sio kabla. Ulikuja na kuku kwenye tenga, zawadi, na wiki nzima ikawa mama mdogo anafuga kuku hamsini, mama mdogo hata wake za Wahindi wa madukani hutuma watu kununua mayai kwake, mama mdogo kasema hivi na hivi. Nikamfunga kuku yule siku saba. Ulinikumbusha ni tatu, nikakufokea.

Nikakuuliza kwa ujanja, alisema nini juu yangu? Ukasema, alisema mama yako alikuuguza vizuri sana, mshukuru. Nilikwenda chooni nikakaa huko. Afadhali angenitukana. Mtu akikutukana mnakuwa sawa. Yeye ameketi huko Masuguru na siri yangu mkononi, hajaitumia hata mara moja, na kwa hilo pia ninamwonea wivu. Sina pa kuuficha.

Sasa unakwenda kuishi naye. Nimelala siku ishirini nikiogopa atakuambia. Jana nikajua hatakuambia kamwe, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi, maana utampenda kwa yale usiyoyajua, na mimi utanipenda kwa yale usiyoyajua. Bora unichukie kwa kweli. Nimesema bora. Moyo wangu haukubali, ila mkono umeshaandika.

Huko hospitali, iko siku atakuja mwanamke na mtoto mwenye nywele nyekundu na miguu iliyovimba. Wenzake kwenye benchi watasogea pembeni na kunong'ona. Usimtazame kama walivyonitazama mimi kisimani. Keti naye, muulize mtoto anakula nini, na nyumbani kuna nini, hata kama ni kitu anachoona haya kukitaja. Na akimtaja mke mwenzake kwa ubaya, nyamaza kwanza kabla ya kuamini.

Sina zaidi la kukufundisha. Mimi nilipewa elimu na baba yangu nikaifanya fimbo. Wewe unakwenda kupewa ya kwako.

Zaina utamwita mama. Najua, tayari unamwita hivyo nikiwa sisikii. Mwite. Akikupikia yai, kula, usiniwazie. Lakini ukirudi Idd usikae hapa ukanisifia mapishi yake. Nisifie yangu, hata kwa uongo.

Kwenye tenga kuna mtetea mwekundu, yule mkubwa. Amekula shimoni mpaka leo alasiri, nimemshika nikamtia ndani hivyo hivyo. Mpe Zaina mkononi mwake, mbele ya kaka yake na yeyote atakayekuwepo. Waonyeshe barua hii, uwasomee. Zaina atataka kumchinja kwa ajili yako, namjua, na kwa kuwa ametoka nyumbani kwa binti Mwalimu atakuuliza kama alifungwa siku zake tatu. Mwambie hapana. Mwambie mama kasema kuku huyu hakuwa na uchafu, wala mama yake, wala bibi yake aliyejificha kwenye mabua. Uchafu wa nyumba ile ulikuwa ulimi wangu, na huo ndio uliopaswa kufungwa.

Nakusikia unakuja, unacheka na watu njiani. Naikunja sasa.

Mama yako,
Mwanahawa